Neno la Redio na Neno la Kyaghanda

Kwa desturi ya Wayira, neno halikutupwa hovyo. Jioni, wazee na vijana wanaume walikutana katika kyaghanda, moto ukiwa katikati, na mambo ya kijiji yakaletwa pale: mpaka wa shamba, mahari, ugonjwa, ugomvi wa ndugu. Mzee alisema, mwingine alijibu, kijana alisikiliza na kujifunza. Siku hizi kyaghanda ya namna ile ni nadra, na katika nyumba nyingi hapa Kalunguta sauti ya jioni ni ya redio. Basi tujiulize: redio imechukua kazi ya kyaghanda, ao imechukua tu nafasi yake? Tutapima kwa siku moja ya Redio Okapi, sababu ndiyo inayosikika karibu inchi nzima.

Kwanza tutoe haki yake. Redio hii ilianza tarehe 25 Februari 2002, ikiletwa na MONUC pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, wakati inchi ilikuwa imekatwa vipande na vita. Mtu wa Butembo alianza kusikia habari za Kinshasa, na wa Kinshasa habari za Butembo. Inasema lugha tano: Kifaransa, Lingala, Kikongo, Tshiluba na Kiswahili. Na Kiswahili chake si kile cha pwani ambacho BBC inatuletea tangu 1957. Ni cha kwetu, mama wa sokoni anakielewa bila kuombea mtoto amutafsirie.

Asubuhi, kwa hiyo, mambo ni mazuri. Habari inasomwa kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, na mkulima anaenda shambani akijua kama barabara ya Beni iko salama. Lakini tufuate siku mpaka mwisho. Jioni inafika saa ya mabishano, kipindi cha « Dialogue entre Congolais ». Pale depite, mwanasheria na mtu wa société civile wanabishana: kwa nini vita haiishi, nani alikosa, tufanye nini. Na pale ni Kifaransa. Wasikilizaji nao wana kipindi chao cha kupiga telefone, lakini mwenye kupiga anahitaji unité, na mara nyingi Kifaransa pia. Maana yake ni hii: jambo lililotokea linasemwa kwa lugha ya wote, sababu ya jambo inasemwa kwa lugha ya waliosoma. Katika kyaghanda, habari na mabishano vilikuwa kwa lugha moja, mbele ya moto mmoja.

Tuliona hatari ya jambo hilo wakati wa Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kule Mangina, na ulipomalizika tarehe 25 Juni 2020 watu zaidi ya 2.200 walikuwa wamekufa. Zone yetu ya afya iliguswa pia. Redio zote zilisema kila siku: nawa mikono, usiguse maiti, acha kikosi kizike. Maneno yalikuwa ya kweli. Lakini kwetu kuosha marehemu ni heshima ya mwisho, na mtu anayeambiwa aache heshima hiyo ana maulizo. Katikati ya mambo hayo, mwishoni mwa Desemba 2018, tuliambiwa kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura mpaka Machi 2019, hata kama raisi mpya angeapa mbele, Januari. Maulizo yakageuka hasira. Tangazo linaamuru, halijibu. Iliyofungua masikio ya wengi ni sauti ya waliopona, wakisema kwa Kinande katika redio za karibu, na jirani akawauliza bila kuogopa.

Tena kuko jambo la hesabu. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya upande wa Beni yanafika kwetu kama namba: raia kumi, raia kumi na tano. Tunaelewa kwamba redio haiwezi kutaja kila jina, na pengine kutaja ni kuleta hatari kwa jamaa. Lakini katika kyaghanda ulizo la kwanza lilikuwa: mtoto wa nani? Namba ikisikiwa kila asubuhi bila ulizo hilo, mwisho sikio linazoea. Na sikio likizoea kifo, desturi yetu ya kulia pamoja inakufa nayo.

Tusidanganyane: kyaghanda ya zamani ilikuwa ya wanaume. Mama alipika, hakusema. Redio imemupa mama sauti, na huko kurudi nyuma hatutaki.

Tunalotaka ni mambo mawili. Kwa redio: mabishano ya jioni yasemwe pia kwa Kiswahili, hata mara moja kwa juma, si muhtasari tu bali mabishano yenyewe. Kwa sisi, walimu, wazee, mama na vijana: habari ikiisha, tufunge redio kidogo, tuzungumze kwa Kinande kilichosemwa. Nani ameelewa? Nani hakubali? Mtoto wa nani? Redio haiwezi kutujibia maulizo ambayo sisi wenyewe tumeacha kuuliza.