Meza Moja, Watu Wawili: Ndani ya Nyumba ya Anne Frank

Wengi wetu tulioisoma shajara ya Anne Frank tunaukumbuka ule ugomvi wa meza. Ni Julai 1943. Anne ana miaka 14, analala chumba kimoja na daktari wa meno mwenye miaka 54, na mle chumbani mna meza ndogo moja tu. Anamwomba kwa adabu amwachie meza hiyo mara mbili kwa wiki, kuanzia saa kumi jioni hadi saa kumi na moja na nusu. Mzee anakataa. Kwake yeye, kazi ya binti si kazi. Mpaka baba mtu anaingilia kati ndipo Anne anapata muda wake.

Niliposoma mara ya kwanza nilishangilia. Nani asingeshangilia? Mwandishi kapata meza!

Nilifika Prinsengracht 263, Amsterdam, nikiwa bado upande wa Anne. Nilitoka nikiwa bado upande wake, ila si kwa wepesi ule ule. Ndiyo maana nataka tuijadili nyumba hii kama tunavyojadili kitabu. Nayo ni kazi iliyohaririwa: kuna mtu aliamua kipi kibaki na kipi kiondoke.

Mbele ilikuwa ofisi na ghala la biashara ya Otto Frank, baba yake Anne. Maficho yalikuwa nyuma, kwenye kile Waholanzi wanachokiita Achterhuis. Sisi tungesema nyumba ya uani, tofauti ni kwamba hii imepandishwa kwa ghorofa na ngazi zake zimesimama wima kama za kupandia darini. Familia ya Frank iliingia tarehe 6 Julai 1942. Wiki moja baadaye wakaja akina van Pels, baba, mama na kijana wao Peter. Novemba akaongezwa Fritz Pfeffer, yule daktari wa meno. Watu wanane. Mlango ulifichwa nyuma ya kabati la vitabu, na kabati lenyewe lipo mpaka leo. Unapita hapo, unainamisha kichwa, unaingia.

Ndani hamna kitu.

Hili linawashtua wengi. Hakuna vitanda, hakuna viti, hakuna sufuria. Baada ya watu wale kukamatwa tarehe 4 Agosti 1944, samani zilichukuliwa. Nyumba ilipofunguliwa kwa umma mwaka 1960, Otto Frank, ambaye kati ya wanane ndiye peke yake aliyerudi kutoka kambini, alitaka vyumba vibaki vitupu hivyo hivyo. Kuna mifano midogo inayoonyesha samani zilivyokaa, basi. Mwaka 2025 New York kulifunguliwa maonyesho yenye nakala ya vyumba hivi kwa ukubwa wake halisi, vikiwa na samani. Naelewa sababu: si kila mtu anaweza kufika Amsterdam. Lakini kati ya hizo mbili nachagua utupu. Samani zingenifanya niseme, “kumbe waliishi hivi.” Utupu unaniuliza wako wapi.

Hata hivyo, utupu nao una uongo wake. Chumba kisicho na kitu huonekana kikubwa. Unasimama katikati unawaza, mbona si pabaya sana. Kilichonisahihisha ni wageni wenzangu. Tulikuwa wengi, tumebanana, huyu anamkanyaga yule, kila mmoja anaomba radhi kwa kunong’ona. Dakika kumi tu za kubanana na watu nisiowajua zikanichosha. Wale wanane walikaa miaka miwili, na mchana wafanyakazi wa ghalani walipokuwa chini hawakuthubutu hata kuvuta maji chooni.

Halafu nikaingia chumba cha Anne. Samahani, nimeteleza. Chumba cha Anne na Fritz Pfeffer. Mnaona? Hata mimi ninayeandika makala kuhusu jambo hili ulimi umenikimbia. Ni chumba chembamba. Ukutani zipo picha alizobandika Anne, za waigizaji wa sinema na za familia za kifalme. Kuta za nyumba nzima zimebeba nukuu kutoka kwenye shajara yake. Wa Pfeffer ni upande mmoja wa chumba, na jina ambalo mwenzake alimpa kitabuni.

Na jina lenyewe ndilo tatizo. Anne alipojiandaa kuchapisha aliwabadilishia wenzake majina, na Pfeffer akamwita Dussel, neno la Kijerumani lenye ladha ya “bwege”. Vizazi vya wasomaji vimemcheka Bwana Bwege, mchoyo wa meza. Sasa tumsikilize na yeye. Alikuwa amempeleka mwanawe Werner Uingereza mwaka 1938 ili aokoke. Alikuwa na mpenzi, Charlotte Kaletta, ambaye hakuweza kumwoa kwa sababu sheria za Wanazi zilipiga marufuku ndoa kati ya Myahudi na asiye Myahudi. Charlotte alikuwa mji huo huo wa Amsterdam, lakini Pfeffer akawa hawezi kumwona. Pale mezani alikuwa akijifunza Kihispania. Mtu hajifunzi lugha ya mbali namna hiyo bila kuamini kwamba siku moja atatoka. Alifia kambi ya Neuengamme tarehe 20 Desemba 1944.

Kwa hiyo meza ile ilikuwa ikigombewa na matumaini mawili. Mmoja aliandika, mwingine alikariri vitenzi. Tumesoma habari za mmoja.

Baadaye mambo yalizidi. Shajara ilipofanywa tamthilia huko Marekani mwaka 1955, Dussel wa jukwaani aliwekwa kama mtu asiyejua lolote kuhusu dini ya Kiyahudi, ilhali Pfeffer halisi alikuwa mtu wa ibada. Charlotte, aliyekuwa amehalalisha ndoa yake na marehemu mwaka 1953, alilalamika. Na kwa mama van Pels ni hivyo hivyo. Kitabuni ni mama wa kelele na kujishaua. Shelley Winters aliigiza nafasi yake kwenye filamu ya 1959, akashinda Oscar, na sanamu hiyo akaikabidhi kwa nyumba hii. Auguste van Pels mwenyewe alikufa Aprili 1945 akihamishwa kutoka kambi moja kwenda nyingine, na kaburi lake halijulikani. Aliyemwigiza ana sanamu ya dhahabu. Sisemi Winters alikosea, alitoa kwa moyo. Nasema tu kwamba mambo hayo mawili yakae pamoja kichwani mwa msomaji.

Sasa, je, tumlaumu Anne? Hapana, na hapa ndipo nyumba inapofanya kazi yake nzuri kuliko zote. Mwishoni unafika mbele ya maandishi yenyewe. Kuna daftari lenye jalada la miraba mekundu, alilopewa alipotimiza miaka 13. Na kuna karatasi zilizolegea. Machi 1944 Anne alisikia redioni waziri wa serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni akiwataka watu watunze shajara na barua zao za wakati wa vita. Tangu Mei akaanza kuandika upya shajara nzima kwenye karatasi hizo. Alikata, akapanga, akapunguza, akaongeza. Kitabu akakipa jina: Het Achterhuis. Ukiziona karatasi zile unaacha kumwita “yule binti aliyeandika shajara”. Alikuwa mwandishi kazini, na rasimu yake ilikuwa haijaisha.

Tena alijua kujikosoa. Januari 1944 alirudi kwenye kurasa kali alizoandika kuhusu mama yake, akaona haya, akajieleza. Mtu anayeweza kufanya hivyo kwa mama yake angeweza siku moja kumrudia Pfeffer. Huenda akiwa na miaka 30 angeandika sura nyingine kuhusu mzee aliyekariri Kihispania gizani. Hakufika 30. Hakufika hata 16. Alikufa Bergen-Belsen mapema mwaka 1945, yeye na dada yake Margot. Dussel amebaki bwege kwa sababu mwandishi aliuawa kabla hajasema neno lake la mwisho.

Malalamiko yangu kwa jumba hili ni moja. Linamtukuza Anne kiasi kwamba mgeni mwenye haraka atatoka na uso mmoja tu. Uholanzi ilipoteza Wayahudi wapatao 102,000, na walio wengi hawakuacha hata ukurasa. Pfeffer na Auguste wako katikati: wameachiwa kurasa zilizoandikwa na mtu aliyekuwa amewachoka. Wanastahili maneno yao ukutani, hata machache.

Mkifika Amsterdam nendeni, ila tiketi ni za mtandaoni tu na huisha mapema. Msipofika, kisomeni kitabu tena. Mkifika kwenye ugomvi wa meza, shangilieni kama mimi nilivyoshangilia. Halafu msome tena ukurasa ule ule, safari hii mkiwa mmekaa upande wa pili wa meza.