Hatua Fupi za Usambara

Ukitaja mwendo wa polepole mlimani, wengi hukumbuka Kilimanjaro, na hapo ndipo wanapoukosea. Kule, kuelekea kilele cha mita 5,895, waongozaji hukariri polepole kutwa kwa sababu hewa ni nyepesi na mwenye pupa huishia kutapika na kuteremshwa kwa machela. Polepole hiyo ni ya woga. Milima ya Usambara haina adhabu ya namna hiyo. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hata juu kabisa ya msitu wa Magamba hewa haimpigi mtu vita. Anayetoka Lushoto kwenda Mtae kwa miguu kupitia Lukozi na Rangwi, safari ya siku tatu au zaidi, anaweza kukimbia akitaka. Kwa hiyo asipokimbia amechagua, na uchaguzi huo, ukiutazama vizuri, ni ufundi wenye kanuni zake.

Mtazame mama anayepandisha kabichi sokoni, tenga kichwani juu ya kata. Shingo imetulia kabisa. Wayo mzima unagusa ardhi, hatua ni fupi, na mlima ukikaza zaidi hatua inafupishwa tena badala ya kusimamishwa. Wageni hufanya kinyume: huruka hatua kubwa dakika kumi, kisha hushika kiuno dakika tano. Halafu kuna salamu. Wasambaa hawamalizi salamu kwa neno moja. Utaulizwa nyumbani, watoto, kazi, na kila swali lina jibu lake. Anayepanda huku akijibu yote bila kuhema yuko kwenye kasi yake. Anayemeza nusu ya majibu ameshazidisha. Sioni kipimo kizuri kuliko hicho, na hakihitaji saa ya mkononi. Lakini anayeumbuka hasa ni mteremkaji. Mtu akishuka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki, inavutwa huku imekaza, na maumivu yake hayaji siku ileile. Huja kesho yake au keshokutwa, wakati bado kuna bonde jingine la kushuka. Ndiyo maana ile methali ya haraka na baraka hainitoshi hapa. Yenyewe inasema baraka. Mimi nasema mapaja.

Atakayenipinga atasema kwamba haya ni maneno ya mwenye nafasi, kwamba mkulima mwenye mzigo na lori linalomsubiri hana muda wa kutembea kwa madaha. Hoja ina uzito, ila imechanganya taratibu na kuchelewa. Mama wa kabichi anatembea taratibu na anafika mapema, kwa kuwa ameondoka jogoo wa kwanza. Muda wake ameununua kwa usingizi, hakuuiba njiani. Mahujaji wanaokwenda kwa miguu Namugongo, Uganda, kwenye sikukuu ya Mashahidi, wanajua hesabu hiyo. Sikukuu ni tarehe 3 Juni, haisogei, na wengine hutembea siku nyingi kuifikia. Tarehe kama hiyo ingemtia mtu haraka, kumbe inamkataza: mguu ulioharibika siku ya pili hauna nafasi ya kupona kabla ya siku ya mwisho.

Lipo pingamizi jingine, kwamba kutembea pole ili kutazama mimea na kinyonga ni mambo ya watalii. Labda. Ila ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba ya kivuli ya milima hii, lililopewa Ulaya mwaka 1893 jina la Saintpaulia kutokana na ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, leo limejaa madirishani mwa watu wasiojua Usambara iko wapi, na wako wazaliwa wa hapa wanaolipita kila wiki juu ya bodaboda. Hilo sikubali kuwaachia watalii. Ninachokubali ni kwamba ufundi huu una mpaka: masika yakishalainisha udongo mwekundu na giza likiwa linaingia msituni, hakuna anayesifiwa kwa kujikokota. Hata hivyo fundi haongezi hatua, anapunguza masafa. Analala Rangwi kwa masista, na Mtae anaipangia siku nyingine.