Bembea Haina Steji

Bembea ni chombo cha usafiri? Kwenye shoo ya Kitale unalipa, unakaa, unabebwa, halafu unashuka pale pale ulipopandia. Hebu matatu ya Bungoma ikuzungushe hivyo, ikurudishe Tuwan na nauli imeliwa, tuone kama utanyamaza.

Kwangu si usafiri. Ndiyo maana jina la tamthilia ya Timothy Arege, *Bembea ya Maisha*, linanikwaza. Wanafunzi wa sekondari wanakaririshwa kwamba maisha hupanda na kushuka. Sawa, kwa Sara anayeugua inaingia. Lakini Neema je? Alisoma, akaenda mjini, akapata kazi. Hayuko tena alikoanzia, na ni kwake mama anategemea matibabu. Hiyo ni safari, bana.

Tena bembea ya mtoto haijisukumi. Kuna mtu nyuma, mikono inamuuma. Arege mwenyewe anatuonyesha watu hao vizuri sana: Sara na Yona wakisomesha mabinti huku wanakijiji wakiwasema kwa kukosa mtoto wa kiume. Jina la kitabu linamtazama tu aliyekaa juu.