Mihindi Inayoogopa Joto

Mahindi yakitoa mbelewele wakati jua la Mbeere Kusini, Kaunti ya Embu, limekaza, mkulima wa Kiritiri hujua atakachokuta akiyamenya: gunzi lenye mapengo, punje hapa, uwazi pale. Lawama huiendea mvua iliyokatika mapema. Lakini punje huhitaji chavua, nayo chavua huanza kuundwa siku nyingi kabla mbelewele haijachomoza, ingali imefungwa katikati ya majani. Huko ndani kuna RNA fupi.

RNA hizi hazitoi protini. Ni vipande vya herufi 21 hadi 24 hivi, na kazi yake kubwa ni kudhibiti RNA nyingine na jeni. Wanasayansi Andrew Hamilton na David Baulcombe ndio waliovionyesha kwenye mimea mwaka 1999, Norwich, Uingereza.

Ndani ya ua vinafanya nini? Kundi la Virginia Walbot wa Chuo Kikuu cha Stanford na Blake Meyers lililifuata swali hilo kwa subira ya kupendeza. Walichambua vifuko vya chavua vya mhindi na kuvipanga kwa urefu, maana urefu wa kifuko ndio saa yake: ukijua milimita zake, unajua seli zake zimefika wapi. Matokeo ya 2015 yalionyesha mawimbi mawili. Kwanza zilijaa RNA za herufi 21, kutoka sehemu 463 za jenomu, kabla ya mgawanyiko unaozaa chavua. Kisha zikaja za herufi 24, kutoka sehemu 176, mgawanyiko ukiendelea.

Ila kuwepo si kutenda. Ndiyo maana jaribio lao la 2020 lina uzito zaidi. Kwa mkasi wa CRISPR waliiharibu jeni ya Dcl5, inayounda kimeng'enya kinachokata RNA za herufi 24, na wimbi la pili likatoweka karibu lote. Katika joto la nyuzi 28 mchana na 22 usiku, utando unaolisha chavua ulikua na kasoro, vifuko vikabaki vifupi, mmea ukakosa chavua. Penye ubaridi zaidi, mihindi yenye hitilafu hiyohiyo ilizaa.

Nyuzi 28 si joto la kutisha. Kiritiri huo ni mchana wa kawaida. Mahindi ya mkulima yana Dcl5 nzima, kwa hiyo mapengo ya gunzi lake yana sababu nyingine pia, ukame ukiwemo. Jaribio linaonyesha tu kwamba RNA hizo ni sehemu ya kinga ya chavua, na kinga hiyo huhitajika hata joto linapofaa mavuno.

Faida inaweza kupatikana kwa wazalishaji wa mbegu. Tangu chotara H611 itoke Kitale mwaka 1964, mbegu chotara zimedai mbelewele za safu mama zing'olewe, kazi ya mikono mingi. Mhindi unaokosa chavua kwenye joto na kuitoa kwenye baridi ungeweza kuzidishwa nyanda za juu, kisha uchavushwe na mwingine nyanda za chini. Kaunti ya Embu inazo zote mbili: miteremko ya baridi ya Mlima Kenya huko juu, na Mbeere yenye joto huku chini, mwendo wa matatu tu.