Fahali Wawili na Malisho Yaliyonunuliwa

Wahenga walisema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii hutajwa kila wanaume wawili wanapompenda mwanamke mmoja, na mtazamaji mwenye haraka angeweza kuifunga nayo hadithi nzima ya The Hi-Lo Country, filamu iliyoongozwa na Mwingereza Stephen Frears mwaka 1998. Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba methali hiyo, ingawa ni ya kweli, haitoshi hapa. Kabla ya kuuliza ni fahali yupi atakayemshinda mwenziwe, yatupasa kuuliza zizi ni la nani.

Filamu hii imetokana na riwaya ya Max Evans iliyotoka mwaka 1961. Evans alikuwa Mmarekani aliyepata kuchunga ng'ombe yeye mwenyewe, kwa hiyo aliyoyaandika aliyajua. Mambo yanatendeka New Mexico, mara baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Pete Calder na Big Boy Matson wamerudi kutoka vitani. Urafiki wao ni urafiki wa watu wa kazi: wameshirikiana vumbi na jasho, ulevi na ngumi. Lakini wote wawili wanampenda Mona, mke wa mtu. Big Boy anamwendea waziwazi, bila kujali macho ya watu. Pete anayaficha mapenzi yake moyoni kwa kuuheshimu usuhuba, nayo yanamla kama mchwa alao nguzo. Wakati huohuo Josepha, msichana mwenye asili ya Kimeksiko, anampenda Pete kwa dhati, wala halipwi kwa kipimo kilekile.

Watazamaji wengi huishia hapo. Sisi tumtazame Jim Ed Love. Huyu ni tajiri aliyebaki nyumbani vijana walipokwenda kupigana, akayanunua malisho ya wafugaji wadogo. Waliporudi walimkuta amekuwa bwana mkubwa, asafirishaye ng'ombe kwa malori. Mume wa Mona ni msimamizi wake. Little Boy, mdogo wake Big Boy, ameajiriwa naye. Big Boy anakataa katakata kumtumikia. Yeye na Pete wanaungana na mzee Hoover Young, wakaendelea kuswaga ng'ombe kwa farasi kama ilivyokuwa desturi. Mwishoni Big Boy anauawa. Hauawi na tajiri, wala na mume aliyekosewa. Anapigwa risasi na Little Boy, ndugu yake wa tumbo moja.

Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo dhamira kuu ya hadithi hii. Jim Ed Love hakuhitaji kushika bunduki. Waliopungukiwa na ardhi waliimaliza hasira yao wenyewe kwa wenyewe: rafiki akamwonea wivu rafiki, ndugu akamuua ndugu, na malisho yakabaki mikononi mwa aliyeyanunua. Wivu wa mapenzi ni moto wa kweli, lakini kuni zake zilikwisha kukaushwa na dhiki.

Hata hivyo filamu ina kasoro, nayo ni ya fani inayoyadhuru maudhui. Msimulizi ni Pete. Basi Mona twamwona kwa macho ya mwanamume amtamaniye. Twaujua uzuri wake na msiba aletao, lakini yeye mwenyewe anataka nini, hatuambiwi vya kutosha. Mwanamke anageuzwa kuwa chanzo cha balaa, na kwa njia hiyo tajiri anapata mahali pa kujificha. Aidha, New Mexico ilikuwa sehemu ya Meksiko hadi Marekani ilipoitwaa kwa vita vya mwaka 1846 hadi 1848. Big Boy anapoyalilia malisho, jamaa za akina Josepha walikuwa wamekwisha kulilia ardhi ileile karibu miaka mia kabla yake. Filamu ingemwachia Josepha ayaseme hayo, ingekuwa na uzito maradufu.

Yatuhusu nini sisi? Kwa miaka mingi filamu za makauboi zilijaza viti katika majumba ya sinema ya miji yetu. Vijana waliiga kofia, mwendo na bastola; kazi ya kauboi hawakuiona. Na kauboi wa kweli alikuwa mchungaji wa kibarua, aliyelala nje na kuchunga mifugo isiyokuwa yake. Wengi wao walikuwa Weusi na Wameksiko, ingawa katika filamu nyingi za zamani sura zao hazikuonekana. Kwa nchi yetu, yenye wachungaji wengi na migogoro ya malisho tuijuayo sote, kuiga kofia na kuisahau kazi ni hasara kubwa.

Basi mwalimu akiitumia filamu hii darasani, asitosheke kuwauliza wanafunzi ni nani aliyestahili kumpata Mona. Awaulize pia: marafiki hawa walipokuwa wakigombana, ni nani aliyekuwa akinunua malisho? Kisha awatake waitafute hali hiyo katika hadithi walizosimuliwa na wazee wao nyumbani, nao waeleze kama msimulizi ameionyesha au ameificha.