Harufu ya Bomba: Tafuta Hewa Inapopitia Kabla ya Kununua Dawa

Nyumba ikianza kunuka bomba, wa kwanza kulaumiwa huwa ni yule anayeisafisha. Ataambiwa aongeze dawa, asugue sinki na sakafu ya bafu, amimine chupa nzima kwenye tundu. Harufu itatulia siku mbili kisha itarudi vilevile. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba lawama hiyo mara nyingi humwangukia asiyehusika. Harufu inayorudi baada ya usafi wa kweli kwa kawaida inatoka kwenye bomba kuu au kwenye shimo la maji taka, na imeingia ndani kwa sababu kizuizi chake kimeacha kufanya kazi. Anayetaka kuiondoa aanze kwa kutafuta hewa inapopitia. Dawa ina nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni ndogo kuliko tunavyoaminishwa na matangazo.

Kizuizi chenyewe ni maji. Chini ya sinki, ndani ya choo cha kuvuta na kwenye tundu la sakafu ya bafu, bomba hukunjwa na kutengeneza kile ambacho mafundi hukiita trapu. Mwaka 1775 Alexander Cumming, fundi saa Mskoti, alipewa hataza ya choo ambacho bomba lake lilipinda kama herufi S, na wazo la mkunjo unaoshikilia maji bado linatumika hadi leo. Kila maji yanapopita, kiasi kidogo hubaki kwenye mkunjo. Maji mengine yakija yatayasukuma na kushuka, lakini hewa ya chini haipati pa kupandia. Katika trapu nyingi za sasa kina cha maji hayo ni kati ya milimita 50 na 75 tu. Huo ndio ukuta wote uliopo kati ya chumba na gesi za shimoni, ikiwemo haidrojeni salfaidi yenye harufu ya yai viza, inayotengenezwa na bakteria wanaoishi pasipo oksijeni. Pua ya binadamu huitambua gesi hiyo hata inapokuwa chini ya sehemu moja katika milioni ya hewa. Ndiyo maana upenyo mdogo tu hutosha kuharibu hewa ya nyumba nzima.

Maji ya trapu hupotea kwa njia zinazojulikana, na kila njia ina dalili yake. Ya kwanza ni kukauka. Bafu la wageni lisilotumika, au tundu la sakafuni lisilopitisha maji kwa wiki kadhaa za joto la pwani, hubaki wazi bila mtu kugundua. Dawa yake ni kumimina lita moja au mbili za maji. Harufu ikiisha baada ya muda mfupi, jibu limepatikana. Ya pili ni kunyonywa. Maji mengi yanaposhuka kwa kasi kwenye bomba lisilo na hewa, yanavuta nyuma yake maji ya trapu za jirani, kama mafuta yanavyofuata mpira baada ya kunyonywa kutoka kwenye pipa. Dalili yake ni sinki kubwabwaja pale choo kinapovutwa. Tiba yake ni bomba la hewa linalopanda mpaka juu ya paa, likiwa mbali na madirisha, ili hewa iingie kwenye mfumo bila kuvuta maji ya trapu. Ya tatu haitazamiwi: fundo la nywele au uzi lililoning'inia upande wa pili wa mkunjo hunyonya maji na kuyadondosha kidogo kidogo, mpaka trapu ikauke usiku mmoja ilhali ilitumika jioni. Dalili za njia zote tatu zikikosekana, zikaguliwe sehemu zisizo na maji kabisa: maungio ya choo na sakafu, na mfuniko wa chemba uliopasuka.

Ushahidi mzito kuhusu trapu iliyokauka ulitoka Hong Kong mwaka 2003. Katika makazi ya ghorofa ya Amoy Gardens, zaidi ya wakazi 300 waliambukizwa SARS. Uchunguzi wa Idara ya Afya ya huko ulihitimisha kwamba huenda trapu nyingi za sakafu za bafu zilikuwa kavu, kwa kuwa wakazi walipiga deki badala ya kumwaga maji, na feni za kutolea hewa zilivuta matone yenye virusi kutoka kwenye bomba kuu hadi ndani ya vyumba. Mtu anaweza kusema kwamba majengo yale marefu hayafanani na nyumba zetu. Urefu unatofautiana, lakini kanuni ya hewa na maji ni ileile, na ghorofa za Kariakoo na Eastleigh zinaongezeka. Nyumba ya chini nayo ina hatari yake, kwani shimo lake la maji taka mara nyingi liko hatua chache tu kutoka dirishani. Tena, katika kisa hiki, usafi wa deki haukusaidia. Sakafu ilikuwa safi na tundu likabaki wazi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: je, uchafu haunuki? Unanuka. Mafuta ya kupikia, mabaki ya chakula na sabuni hujenga utando wa bakteria kwenye kuta za bomba, juu ya maji ya trapu, na harufu yake hupanda hasa bomba la maji linapofunguliwa. Huo unaondolewa kwa kufungua trapu na kuisugua kwa brashi, maji ya moto yasiyochemka yakifuata, maana mabomba ya plastiki hulegea kwa maji yanayochemka. Soda ya kuokea na siki hutoa povu linalolegeza kidogo, lakini tindikali na alkali hizo huuana zenyewe, na kinachobaki ni maji yenye chumvi. Dawa ya klorini ikichanganywa na siki au na dawa ya kusafishia choo yenye asidi hutoa gesi ya sumu, na hatari hiyo inazidi harufu iliyokusudiwa kuondolewa. Hata zamani kupambana na harufu kwa dawa hakukutosha: kiangazi cha mwaka 1858 Bunge la Uingereza lilitundika mapazia yaliyolowekwa kloridi ya chokaa ili kukabili uvundo wa Mto Thames. Kilichoutibu mto ni mabomba makuu ya maji taka ya mhandisi Joseph Bazalgette yaliyojengwa baadaye.

Wenye nyumba watasema bomba la hewa ni gharama. Wakati wa ujenzi ni urefu wa bomba la plastiki na kazi ya siku chache. Baada ya tailizi kuwekwa ni kuvunja ukuta. Ndiyo sababu anayejenga aulize kwenye ramani kila trapu itapata hewa wapi, na asikubali jibu la fundi kwamba si lazima. Mpangaji ambaye sinki lake hubwabwaja jirani wa juu anapovuta choo hana dawa ya kununua dukani. Ana haki ya kumwita mwenye nyumba arekebishe mfumo. Kwa nyumba nyingine, mpangilio ni huu: maji katika kila tundu, kisha brashi, kisha fundi, na dawa mwishoni. Harufu ikiendelea baada ya hatua mbili za kwanza, anayesafisha aachwe apumzike, aitwe anayejua kukagua bomba.