Samuel Fosso Mbele ya Kamera Yake

Tunapohakiki shairi au riwaya, sisi walimu tumezoea kuuliza habari za fani na maudhui. Maswali hayo hayo yaweza kuulizwa mbele ya picha ya mtu. Nimemchagua Samuel Fosso kwa kuwa njia aliyokulia kisanaa ina funzo kwa kila mwenye kulea kipaji kichanga.

Fosso alizaliwa mwaka 1962 mjini Kumba, Kamerun. Utotoni alikuwa na maradhi ya viungo, na wazazi wake hawakuona haja ya kumpiga picha kama ilivyokuwa desturi kwa watoto wengine. Alilelewa na bibi yake katika nchi ya Waigbo, huko Nijeria, akaionja dhiki ya vita vya Biafra. Baadaye mjomba wake alimchukua mpaka Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Huko alijifunza kwa mpiga picha mmoja, na mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 13 tu, akafungua studio yake mwenyewe.

Mchana aliwapiga picha wateja. Jioni, filamu ilipobakiwa na nafasi chache nayo ni lazima isafishwe ili wateja wapate picha zao, hakutaka mabaki yale yapotee bure. Alijipiga picha mwenyewe, akampelekea bibi yake ajue kwamba mjukuu yu hai na mzima. Tunamwona mbele ya pazia, amevaa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, macho yamekaza. Fani ni nyepesi, lakini maudhui ni mazito: mtoto asiyepigwa picha anadai kuonekana.

Picha hizo zilikaa kimya hadi mwaka 1994, zilipoonyeshwa katika maonyesho ya kwanza ya upigaji picha ya Bamako, nchini Mali. Toka hapo sanaa yake ilipanuka. Mwaka 1997, katika kazi aliyoagizwa na duka la Tati la Paris, alijivika ngozi ya chui na mapambo ya dhahabu, akawa chifu aliyeiuza Afrika kwa wakoloni. Kejeli hiyo inachoma bila kuhitaji maelezo. Mwaka 2008 alijigeuza Patrice Lumumba, Angela Davis na Muhammad Ali aliyechomwa mishale.

Hapa ndipo ninaposita. Ustadi wa picha za mashujaa hauna shaka, lakini nguvu yake inategemea mtazamaji kuzijua picha za awali. Asiyejua kwamba Ali alipigwa picha ya namna hiyo mwaka 1968 ataona mtu na mishale tu. Picha za kijana wa Bangui hazimhitaji mkalimani, na kwa hiyo naziweka mbele.

Mwaka 2014 waporaji waliivamia nyumba yake Bangui, filamu zake zikatupwa njiani. Waandishi wa habari waliokota sehemu yake wakaiokoa. Kwa mara ya pili mabaki yakawa hazina.

Walimu wenzangu, mwanafunzi anayetaka kuanza sanaa hii tusimtume kwanza kuiga wakubwa. Tumwulize ni nani aliye mbali anayengoja kuiona sura yake.